Kumhurumia Adui

Wazee wana methali isemayo, "Dawa ya moto ni moto." Methali hii husikika sana watu wanapogombana. Mtu akitukanwa, naye hutukana. Ng'ombe wa jirani wakila mahindi yake, naye huwakata ng'ombe wale kwa panga. Mwanawe akipigwa, naye hutafuta vijana wa kwenda kupiga. Kila mmoja huona kwamba analipa deni tu. Lakini mwenzake naye huhesabu deni jipya. Kwa njia hii ugomvi wa mpaka wa shamba hurithiwa na wajukuu, ambao hawajui hata mpaka wenyewe ulikuwa wapi.

Wakristo wamefundishwa jambo jingine. Yesu aliwaambia wanafunzi wake wawapende adui zao, na wawaombee watu wanaowatesa. Mafundisho hayo yamo katika Injili ya Mathayo, sura ya 5. Ni maneno mepesi kuyasoma. Hata mtu aliyejua kusoma mwaka huu anaweza kuyasoma bila kukwama. Kuyatenda ni kazi nyingine.

Katika somo hili tutaeleza maana ya kumhurumia adui. Kisha tutasoma habari za mtu mmoja wa Uganda, Askofu Festo Kivengere. Adui yake hakuwa jirani aliyemwibia kuku. Alikuwa rais wa nchi, mwenye majeshi na magereza.

Adui wa siku za Yesu

Watu wengine hufikiri kwamba Yesu aliweza kusema vile kwa sababu hakuishi na maadui. Hiyo si kweli. Siku zile nchi ya Wayahudi ilitawaliwa na Warumi. Warumi walitoza kodi, na waliwatundika msalabani watu waliowapinga. Askari wa Kirumi aliweza kumsimamisha mtu njiani na kumlazimisha abebe mzigo wake mwendo wa maili moja. Mtu aliyekuwa akienda shambani aliacha jembe lake, akajitwika mzigo wa askari. Babu zetu wengi waliijua hali kama hiyo. Katika vita vya Wajerumani na Waingereza, vya 1914 hadi 1918, watu wengi sana wa Afrika ya Mashariki walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi. Wengi hawakurudi.

Basi Yesu aliposema kwamba mtu akikulazimisha maili moja, nenda naye hata mbili, wasikilizaji wake walijua habari hiyo inamhusu nani. Pengine kila mmoja alimkumbuka askari fulani, kwa sura yake.

Tena kulikuwa na Wasamaria. Wayahudi na Wasamaria walikuwa majirani, lakini walichukiana. Waligombana juu ya mahali pa kumwabudu Mungu. Zaidi ya miaka 100 kabla ya Yesu kuzaliwa, mtawala wa Wayahudi alikuwa amelibomoa hekalu la Wasamaria. Jambo kama hilo halisahauliki upesi. Ndiyo maana watu walishangaa Yesu alipowasimulia habari za Myahudi aliyepigwa na wanyang'anyi katika njia ya Yeriko, akaokolewa na Msamaria.

Katika hadithi hiyo kuna jambo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka. Msamaria alitumia mali yake. Alitumia mafuta na divai yake kwenye vidonda. Alimpandisha mgonjwa juu ya mnyama wake, yeye mwenyewe akatembea kwa miguu. Alimlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, na dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua kwa siku. Tena aliahidi kuongeza fedha atakaporudi. Huruma ya mdomo tu isingemfikisha mgonjwa popote.

Hata katika Agano la Kale, muda mrefu kabla ya Yesu, Waisraeli walikuwa na sheria juu ya mali ya adui. Iko katika kitabu cha Kutoka, sura ya 23. Mtu akimkuta ng'ombe au punda wa adui yake amepotea, ni lazima amrudishe kwa mwenyewe. Akimkuta punda wa mtu amchukiaye ameanguka chini ya mzigo, ni lazima amsaidie. Wafugaji wataipenda sheria hii, maana inasema habari za kazi. Haikumwambia mtu angoje mpaka moyo wake utulie. Ilimwambia amrudishe ng'ombe.

Kijana mwenye baiskeli

Festo Kivengere alizaliwa karibu mwaka 1919, katika nchi ya milima ya Kigezi, kusini-magharibi ya Uganda. Alipokuwa mtoto alichunga ng'ombe. Baadaye alisoma shule ya misheni, akawa mwalimu.

Katika miaka ya 1930 ulitokea uamsho mkubwa wa Kikristo katika Rwanda na Uganda. Ulienea mpaka Burundi, Kenya na Tanganyika. Watu wa uamsho huo waliitwa Walokole, yaani waliookoka. Walokole walikuwa na desturi moja iliyowasumbua wengi. Mtu akitubu, hakutubu kwa Mungu peke yake. Alikwenda kwa mtu aliyemkosea, akasema kosa lake waziwazi. Aliyeiba jembe alirudisha jembe. Mwenye deni alikwenda kulilipa.

Kivengere aliokoka mwanzoni mwa miaka ya 1940. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba siku zile alikuwa na chuki kwa Mzungu mmoja. Moyo wake ulimwambia aende akapatane naye. Hakutaka. Aliona afadhali kumwomba Mungu msamaha chumbani, ambako hakuna mtu wa kumcheka. Mwishowe alipanda baiskeli, akasafiri mwendo mrefu mpaka kwa yule Mzungu. Akamwambia kwamba alikuwa akimchukia, na sasa anaomba msamaha. Wakalia wote wawili.

Mwaka 1946 Kivengere alikuja Tanganyika, akafundisha shule huko Dodoma kwa miaka mingi. Watu wa Ugogo walimfahamu kama mwalimu na mhubiri. Baadaye alirudi kwao, na mwaka 1972 akawa Askofu wa Kigezi. Makao yake yalikuwa mji wa Kabale.

Wakati wa Amin

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Januari 1971, Jenerali Idi Amin alikuwa ameitwaa serikali ya Uganda kwa nguvu ya jeshi. Mwanzoni watu wengi wa Kampala walishangilia. Haukupita muda, watu wakaanza kupotea. Mtu alichukuliwa ofisini au nyumbani, akatiwa ndani ya gari, asionekane tena. Amin alitawala miaka minane. Makadirio mengine ya watu waliouawa yanafikia 300,000.

Februari 1973 serikali iliamuru watu kadhaa wapigwe risasi hadharani katika miji mbalimbali, ili wananchi waone na kuogopa. Watatu kati yao waliletwa Kabale, katika kiwanja cha michezo. Watu wengi walikusanyika, wakanyamaza kimya. Askofu Kivengere alikuwa amepata ruhusa ya kusema na wale watatu kabla hawajafa. Alisimulia baadaye kwamba alikwenda akitetemeka. Hakujua atawaambia nini watu wanaokaribia kupigwa risasi.

Walipogeuka kumtazama, aliona nyuso zao zina furaha. Mmoja akamshukuru kwa kuja. Akasema kwamba alimpokea Kristo alipokuwa gerezani, na kwamba amesamehewa. Akaomba mkewe aambiwe asihuzunike. Wale wengine wawili nao wakasema maneno ya namna hiyo. Kisha wakawapungia watu mikono, hali wamefungwa pingu, na watu wakawapungia. Hawakumlaani mtu. Halafu bunduki zikalia.

Msomaji asidhani kwamba Wakristo wa Uganda walikaa kimya tu. Askofu Mkuu wao, Janani Luwum, alikuwa mtu wa Acholi, kaskazini ya nchi. Mara nyingi alikwenda ofisi za serikali kuuliza habari za watu waliopotea. Tarehe 5 Februari 1977, usiku wa manane, askari waliingia nyumbani kwake kwa nguvu, wakamwelekezea bunduki. Walisema wanatafuta silaha. Hawakupata kitu. Baada ya hapo maaskofu walimwandikia Rais Amin barua. Walimweleza waziwazi kwamba raia wanauawa, na kwamba bunduki zilizonunuliwa kuwalinda wananchi zinatumika kuwaonea. Kivengere alikuwa mmoja wa maaskofu hao.

Tarehe 16 Februari 1977 maaskofu na viongozi wengine waliitwa Kampala. Askari walipanga silaha chini, wakasema ni silaha za njama ya kuiangusha serikali. Luwum alitajwa kuwa mmoja wa watu wa njama hiyo. Baadaye maaskofu wengine waliambiwa waende zao, lakini yeye akazuiwa. Asubuhi iliyofuata redio ilitangaza kwamba Askofu Mkuu Luwum na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Watu hawakuamini. Maiti ya Luwum ilipelekwa kijijini kwao Mucwini, na waliofungua jeneza waliona matundu ya risasi.

Siku chache baadaye Kivengere aliambiwa kwamba yeye naye anatafutwa. Usiku ule ule yeye na mkewe, Mera, waliondoka. Walikwenda kwa gari, kisha kwa miguu, wakipanda milima gizani. Asubuhi walikuwa Rwanda.

Ijumaa Kuu

Hapa ndipo habari yenyewe ilipo.

Kivengere alikuwa salama. Lakini moyoni alikuwa na uchungu. Rafiki yake ameuawa. Watu wake wanawindwa. Yeye ni mkimbizi, hana nyumba. Kila aliposikia habari mpya kutoka Uganda, chuki yake kwa Amin iliongezeka. Naye alikuwa mhubiri wa upendo kwa zaidi ya miaka 30! Alisema mwenyewe kwamba chuki ile ilianza kumharibu. Alihubiri kwa shida. Kuomba kulikuwa kugumu.

Ijumaa Kuu ya mwaka 1977 alikuwa London, Uingereza. Aliingia kanisani, akakaa na watu wengine kusikiliza habari za mateso ya Yesu. Msomaji anajua kwamba Yesu, alipokuwa akisulibiwa, aliwaombea msamaha wale waliomsulibisha, kwa kuwa hawakujua walitendalo. Habari hiyo Kivengere aliijua tangu utotoni. Siku hiyo ilimchoma. Alijiuliza: kama Amin angekuwa miongoni mwa askari wale waliopigilia misumari, je, Yesu angemtenga katika sala ile? Akaona kwamba asingemtenga. Basi yeye Festo alikuwa na haki gani ya kumtenga?

Akamsamehe Amin siku hiyo. Mwaka huo huo alitoa kitabu kwa Kiingereza, ambacho jina lake maana yake ni "Nampenda Idi Amin". Jina hilo liliwachukiza watu wengi, na si ajabu. Mjane ambaye mumewe ametupwa mtoni, atalisomaje jina la namna hiyo? Lakini aliyefungua kitabu aliona kwamba Kivengere hakuficha hata kosa moja la Amin. Alieleza mauaji kama yalivyokuwa.

Inasimuliwa kwamba mwandishi mmoja wa habari alimwuliza swali la kumtega. Alimwuliza angefanya nini kama angekuwa chumba kimoja na Amin, naye Kivengere ana bunduki mkononi. Kivengere alijibu kwamba angempa Amin ile bunduki, kwa sababu hiyo ni silaha ya Amin. Yeye silaha yake ni upendo.

Kisasi kilifanya nini?

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Tanzania katika mkoa wa Kagera. Waliua watu, waliiba ng'ombe, na walivunja daraja la Kyaka. Majeshi ya Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, yaliwafukuza. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa, na Amin akakimbia nchi. Mwaka huo Kivengere alirudi Kabale.

Sasa Waganda walikuwa na nafasi ya kulipa kisasi, na wengine waliitumia. Amin alikuwa mtu wa West Nile, kaskazini-magharibi. Basi watu wa huko waliadhibiwa kwa makosa yake, hata wasiokuwa na hatia. Mwaka 1980 na 1981 vijiji vilichomwa, na watu wengi sana walikimbilia Sudan na Zaire. Juni 1981 raia waliokuwa wamekimbilia misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa na askari. Kulikuwa na watoto na kina mama kati yao. Hakuna hata mmoja kati ya watoto wale aliyemuua Janani Luwum.

Katika miaka hiyo Kivengere alizunguka akihubiri upatanisho. Alisema kwamba Amin ameondoka, lakini chuki imebaki. Si wote waliomsikiliza.

Mambo ambayo watu huuliza

Swali la kwanza huwa hili: Je, mtu akimsamehe adui yake, asiende kumshitaki? Watu wengi hapa huchanganya mambo mawili. Kusamehe ni kuacha kisasi. Hukumu ni kazi ya baraza na mahakama. Jirani akiusogeza mpaka wako, unaweza kumpeleka mbele ya baraza la kijiji na huku umemsamehe. Tofauti itaonekana katika mambo madogo. Hutasema uongo ili afungwe. Hutamlisha ng'ombe wake sumu. Mtoto wake akiugua usiku na wewe una baiskeli, utaitoa. Na mtu anayepigwa nyumbani kwake hakatazwi na Injili kukimbia au kuwaita majirani na polisi. Kivengere alimsamehe Amin, lakini hakurudi Kabale wakati Amin alipokuwa akitawala. Alingoja hadi 1979.

Juu ya vita Wakristo hawakubaliani wote. Wako wanaokataa kabisa kushika silaha. Wengine husema kwamba serikali ina wajibu wa kuwalinda watu wake, kama Tanzania ilivyofanya Kagera. Ubishi huo ni wa zamani, na hautamalizwa na kitabu hiki.

Wengine huuliza kama ni lazima kusahau. Tuna methali yetu, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Ni methali nzuri, ila hutumiwa vibaya na watu waliokosa, wanapotaka mambo yao yafunikwe haraka. Uganda hawakumsahau Luwum. Tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa, na watu huenda Mucwini kwenye kaburi lake. Kumbukumbu haina ubaya. Mtu aweza kukumbuka kovu lilikotoka bila kutafuta panga.

Swali gumu kuliko yote ni hili: Je, adui asipobadilika? Umemsalimu, hakuitika. Umemrudishia ng'ombe wake, akasema wewe ndiwe uliyekuwa umemwiba. Hapo wengi hukata tamaa, na husema kwamba huruma haifai kitu.

Ni kweli kwamba huruma haimlazimishi adui. Si dawa ya kienyeji ambayo ukiitia katika chakula cha mtu atakupenda. Saulo aliyewatesa Wakristo aligeuka, akawa Mtume Paulo. Amin hakugeuka. Baada ya kukimbia aliishi Libya, kisha Saudi Arabia, akitunzwa vizuri. Hakufikishwa mahakamani, wala hakuwaomba Waganda msamaha hadharani. Alikufa huko Jeddah tarehe 16 Agosti 2003.

Kivengere alikuwa amefariki zamani, tarehe 18 Mei 1988, mjini Nairobi, kwa ugonjwa wa damu. Kutoka Ijumaa Kuu ile mpaka kufa kwake ilipita miaka 11. Katika miaka hiyo alihubiri katika nchi nyingi, alirudi kwa watu wake wa Kigezi, na alisaidia wakimbizi na yatima. Neno la toba kutoka kwa Amin halikuja. Hakulingoja.